Namba Saba Imefika

Postikadi ya Musoma ilikuwa haipatikani Musoma. Zilibaki za Bukoba, za Kisumu, za Jinja, za Mwanza, na za bandari ndogondogo ambazo sidhani kama hata wenyeji wake waliwahi kujua kwamba zilipigwa picha. Ya Musoma ilikwisha zamani, enzi za Waingereza, na sababu yake ilikuwa rahisi: kila mgeni aliyeshuka hapa kwenye meli alinunua picha ya hapa na kuituma kwao. Kwa hiyo mji wetu ulikuwa umetapakaa kwenye makabati ya watu wa Ulaya, na sisi tuliozaliwa huku tulibakiwa na Bukoba.

Nilizipata kwa mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la karatasi na wino jirani na kibanda nilichokuwa najifunzia ushonaji. Nyumba yake ilikuwa imefanywa mali ya umma, naye alikuwa anafunga virago na familia yake. Siku moja aliniita kutoka mlangoni, akanikabidhi boksi la viatu.

"Chukua, binti. Wewe ndiye peke yako uliyekuwa unakuja kuangalia bila kuzigusa."

Ndani ya boksi kulikuwa na kadi za rangi ya kahawia, zilizochapishwa kwa mfululizo wa namba, bandari za ziwa letu kuanzia moja hadi kumi na mbili. Nyingine zilikuwa na nakala nyingi. Nilizipanga kitandani kwa shangazi yangu, kule Bweri, ambako siku hizo mihogo ilikuwa mingi kuliko nyumba. Nilipomaliza kuzipanga, kati ya sita na nane palikuwa na shuka tupu. Nyuma ya kila kadi iliorodheshwa bandari zote, na namba saba ilikuwa Musoma.

Sina budi kueleza mimi ni mtu wa namna gani, maana vinginevyo hasira yangu yote itaonekana ya kijinga. Mimi siwezi kulala kama kitu kina pengo. Fundi wangu, Mwislamu mpole aliyekuwa akishona kanzu za nusu ya mji, alikaribia kunifukuza kwa sababu nilikuwa nafumua mshono uliokwisha.

"Wewe mtoto," aliniambia, "hii ni kaptula ya kuvaa shambani. Unaishonea harusi?"

Nilijibu kwamba mshono umepinda. Akaivaa miwani, akaangalia, akaivua.

"Umepinda kwa Mungu tu. Binadamu hawezi kuona."

Mimi nilikuwa naona. Niliishia darasa la saba, na yote niliyoongeza baada ya hapo nilijifunza mwenyewe, na mtu aliyejifunza mwenyewe huwa na hofu ambayo wenye vyeti hawaijui. Hajui mwisho wa ujinga wake uko wapi. Kila sentensi niliyoandika kwa Kiingereza niliiandika kama mtu anayevuka mto wenye mamba, jiwe moja baada ya jingine, na kamusi yangu ilikuwa imechanika kurasa za mwanzo, hivyo kuna maneno mengi sikuyatumia kabisa kwa sababu sikuwa na pa kuyahakikisha.

Kwa Kiingereza hicho nilimwandikia mzee mmoja wa nchi ya baridi. Anwani yake niliikuta kwenye gazeti kuukuu la wakusanyaji wa kadi ambalo fundi alikuwa analikata vipande vya kuchorea mikono ya mashati. Alikuwa fundi wa saa aliyestaafu, na alitafuta kadi za zamani za maziwa ya Afrika, kwa kubadilishana, kadi kwa kadi. Jibu lake lilichukua muda mrefu hadi nikaamini nimekosea kitu. Lilipofika, lilikuwa kwenye postikadi yenye picha ya mnara wa saa, maneno machache, kwa herufi ndogo zilizonyooka. Niliupenda ule mwandiko kabla ya kuelewa ulichosema.

Tulibadilishana kwa miaka kadhaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kadi huanza kufa kwenye pembe. Nilijifunza kupitisha ukucha kwenye kila pembe bila kuangalia na kujua kama imelegea. Nilitengeneza albamu kwa karatasi ngumu za maboksi ya mashati, nikakata vijipasuo vya kushikilia pembe, nikaandika namba chini ya kila nafasi. Saba niliiandika kama nyingine, kisha nafasi yake ikabaki wazi.

Lakini kulikuwa na jambo moja hatukukubaliana, na ndilo lililoniponza. Mimi nilizituma kadi zangu ndani ya bahasha, zikiwa zimebanwa katikati ya makaratasi magumu mawili. Yeye alizituma uchi. Aliamini kadi isiyopita posta kwa miguu yake mwenyewe, ikabandikwa stempu na kupigwa muhuri na kushikwa na mikono ya watu, bado haijawa kadi. Kila aliyoniletea ilifika na kovu. Nilivumilia kwa sababu hazikuwa za mfululizo wangu.

Kisha akaniandikia kwamba ameipata namba saba. Safi, haijawahi kuandikwa, kutoka kwa mjane ambaye mumewe aliwahi kufanya kazi huku. Alitaka namba nne na namba kumi na moja. Nilikuwa na nakala zake za ziada, nikazituma wiki hiyohiyo.

Kilichobaki kilikuwa ombi dogo: tafadhali, hii weka ndani ya bahasha. Ni hilo tu. Lakini niliogopa kuonekana kama ninamfundisha kazi mzee aliyenifundisha mimi. Niliandika, nikafuta. Niliandika kwa unyenyekevu, ikawa kama ombaomba. Niliandika kwa ufupi, ikawa kama amri. Kila nakala nilisema hii siyo, kesho nitaiandika vizuri.

Kesho yenyewe ndiyo tuliyohamishwa.

Nyumbani kwetu ni upande wa Mugeta. Niliitwa kutoka Musoma kusaidia kuhama, maana boma letu lilikuwa nje ya mpango wa vijiji vya ujamaa, na watu wote walitakiwa wajenge kwenye mistari karibu na barabara. Sitasema mengi. Waliokuja na gari walikuwa vijana wa umri wangu na walizungumza kwa adabu. Walituambia tutapata shule, maji na zahanati. Shule ilikuja, nawapa haki yao. Baba aling'oa nguzo za nyumba mwenyewe ili zisivunjwe na wengine. Aliacha zizi lenye samadi ya miaka mingi na makaburi ya wazazi wake, akaja kupewa kiwanja chenye kipimo sawa na cha mtu ambaye hakuwa na hata mbuzi. Alikuwa mtu ambaye watu humwendea kuulizia mambo ya ng'ombe. Kule kijijini alikuwa nyumba ya nne mstari wa pili.

Albamu yangu nilimpelekea shangazi, ambaye alikuwa amerudi Butiama kwa wakwe zake, aniwekee mahali pakavu mpaka tutakapoezeka. Na yule mzee wa saa nilimtumia barua fupi ya anwani mpya tu: sanduku la posta la kijiji chetu, Bunda. Ombi la bahasha sikuliandika. Bado lilikuwa halijakaa vizuri.

Katibu wa kijiji ndiye aliyekuwa akienda Bunda kwa baiskeli kuchukua barua za watu wote, na alizigawa Jumamosi tukitoka kwenye shamba la ujamaa, watu wamekaa kwenye kivuli cha ofisi, majembe miguuni. Zenye bahasha alizitoa kimya. Lakini kitu kisicho na bahasha, kwa maoni ya kila mtu pale, kilikuwa tangazo. Kadi zangu zilisomwa kwa sauti kabla sijazigusa.

"Mchumba wa binti ameandika tena!" katibu alikuwa akipaza sauti.

"Huyo mkwe mbona hatumi hata ndama?" alikuwa akijibu mama mmoja wa mstari wetu, mwenye ulimi kama wembe. "Kila siku anatuma makaratasi. Baba wa watu atakunywa maziwa ya karatasi?"

Watu walicheka, nami nilicheka nao, kwa sababu ukikasirika kijijini unaongeza muda wa mzaha.

Jumamosi ile katibu hakusema mchumba. Alitoa kadi kwenye mfuko wa shati, ikiwa imejikunja kwa jasho, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Jamani. Hii si Musoma?"

Niliinuka. Nakumbuka kwamba kitu cha kwanza nilichoangalia ni pembe, na kwamba kutoka mbali kote kule niliona mbili zimelegea.

"Soma kwanza," alisema mwenyekiti wa kijiji.

Katibu alisoma Kiingereza kwa sauti ya mahubiri kisha akatafsiri: "Rafiki mpendwa, hii hapa namba saba. Imerudi nyumbani."

Kadi ilipita mkono hadi mkono. Ilikuwa gati lenyewe, meli imeegeshwa, ghala la pamba nyuma yake, na mstari wa wanaume wenye magunia mabegani. Walioijua Musoma waliwaelekeza wasioijua. Mimi nilikuwa naifuata nyuma kama kuku anayefuata kifaranga kilichobebwa na watoto.

"Ndugu mwenyekiti," nilisema, "ni yangu. Nimeibadilisha kwa kadi zangu."

"Hakuna aliyesema si yako. Lakini tuulizane. Sanduku la posta ni la nani?"

"La kijiji," walijibu watu.

"Na Musoma ni ya nani? Ni ya binti peke yake?"

Kicheko.

"Na huyu mzungu mwenyewe ameandika nini, katibu? Imerudi nyumbani. Hakusema imerudi kwa binti. Picha za nchi yetu walizibeba, leo wanazirudisha. Unataka ukaifungie sandukuni uiangalie peke yako? Huo ni ubinafsi, binti. Itakaa hapa ofisini kila mtu aione."

"Mzungu kamletea binti picha ya kwetu," alisema yule mama wa mstari wetu. "Kama jirani anayekuletea ugali kutoka jikoni kwako mwenyewe, na bado unasema asante."

Nilimtazama baba. Baba hakuwahi kushindwa kunitetea. Ananiita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na neno lake wakati huo bado lingeweza kusimamisha watu. Alikuwa ameishika kadi, ameisogeza karibu na macho.

"Hapa," alisema polepole. "Hapa mlangoni mwa ghala. Mimi nimebebaga pamba hapa. Tulikuwaga tunalala hapohapo kwenye magunia tukisubiri meli."

Kila mtu alinyamaza kumsikiliza. Tangu tuhamie pale nilikuwa sijaona watu wakinyamaza kumsikiliza baba.

"Baba," nilisema.

"Iache hapa, mama. Watu waone."

Katibu akaleta msumari wa bati. Niliuona ukiingia kwenye anga la picha, juu kidogo ya bomba la meli, hadi ukutani, kwa pigo la jiwe.

Siku zile nilijiambia kwamba nitazoea. Sikuzoea. Nilitafuta visababu vya kupita ofisini, na kila nilipopita niliona kitu kipya: doa la chai, alama ya kidole gumba kwenye maji ya ziwa, pembe ya kushoto ikijikunja kwa sababu jua la saa tisa lilikuwa linaipiga. Na mara nyingi nilimkuta baba. Alikuwa amepata kazi. Mgeni akija kijijini, mwenyekiti alimwita baba aeleze picha. Watoto wa shule waliletwa. Baba alisimama kwenye ukuta na kidole chake, wakati mwingine akitoka kula furu wakavu, visamaki vya ziwani, akagusa mlango wa ghala, akagusa meli, akagusa magunia. Alipagusa palepale kila siku.

Na hadithi ilikuwa inakua. Mwanzo alibeba pamba kwenye ghala lile. Kisha alikuwepo mwaka ule. Kisha Jumamosi moja nilimsikia akiwaambia watoto, bila kupepesa macho: "Mnamwona huyu wa tatu? Huyu ndiye mimi."

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia kidogo. Nasema kidogo kwa kuogopa neno lenyewe. Kwa sababu mimi nilijua kadi zile. Yule mzee wa saa alinifundisha kuzikadiria umri kwa mgongo wa kadi, kwa jinsi mstari ulivyogawa sehemu ya anwani na sehemu ya maneno, na kwa chapa ya kiwanda. Kadi ile ilichapishwa baba akiwa mtoto wa kuchunga ndama. Mtu wa tatu alikuwa mtu mwingine, labda alikwisha kufa hata kabla baba hajaiona Musoma.

Nilinyamaza. Kunyamaza kwangu hakukuwa heshima. Nilikuwa naweka akiba.

Kisha kadi nyingine ikaja, uchi kama kawaida, katibu akaisoma mbele ya watu wote: "Rafiki mpendwa, miezi imepita. Je, namba saba ilifika salama?"

"Imefika!" waliitikia watu, majembe miguuni. "Mwambie imefika!"

"Mwambie tumeipigilia msumari isikimbie tena!" alisema yule mama, na hata mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi.

Nilikwenda nyumbani kumjibu. Kama ningemwambia ukweli, ningewaaibisha watu wangu mbele ya mtu wa mbali, naye angejua kwamba aliikabidhi kwa mtu asiyeweza kuilinda. Kama ningemwambia imefika salama, ningekuwa nimedanganya kuhusu hali ya kadi, na kwa wakusanyaji hilo ndilo tendo lisilosameheka. Nilianza, nikafuta. Nilichukua karatasi nyingine. Ndugu msomaji, sikumjibu. Nilisubiri sentensi iliyo sawa mpaka yeye akaacha kuuliza. Hakuandika tena. Sijui kama alikufa au alichoka, na katika yote mawili naona mkono wangu.

Mvua mbili zilipita. Tukasikia viongozi wangekuja kukagua kijiji, na ofisi ikapakwa chokaa. Walitoa kila kitu ukutani. Siku ya kupaka mimi nilikuwa Butiama kwa shangazi, nimekwenda kuchukua albamu yangu, maana nyumba yetu ilikuwa imeezekwa bati na sikuwa na kisingizio tena cha kuiacha mbali. Niliporudi niliifungua mezani kuhakikisha unyevu haujaingia. Ilikuwa kavu. Bandari zote zilikuwa mahali pake, pembe kali, na katikati yake pengo langu.

Baba aliingia kutoka ofisini. Alikuwa ameishika kadi kwa vidole viwili, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuwa nao ilipokuwa ukutani.

"Walikuwa wanataka kuitupa na takataka," alisema. "Wameweka picha nyingine. Nimesema hii ni ya mama yangu." Akaiweka mezani kando ya albamu na kuisukuma kwenye nafasi iliyo wazi. "Haya. Sasa zimetimia."

Nilipitisha ukucha kwenye pembe. Zote nne zilikuwa zimekufa. Juu kulikuwa na tundu lenye kutu pembeni. Alikuwa amesimama akisubiri, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta zawadi.

"Haiingii," nilisema.

"Inaingia. Kipimo ni kilekile."

"Imeharibika, baba."

"Imeharibika wapi? Mbona kila kitu kinaonekana? Meli hii. Ghala hili. Mimi huyu hapa."

Ile akiba yangu ikatoka yote kwa pamoja.

"Si wewe," nilimwambia. "Kadi hii ilichapishwa ukiwa mtoto mdogo. Inajulikana kwa mgongo wake. Huyo wa tatu si wewe na hajawahi kuwa wewe, na umewadanganya watu na watoto wa shule muda wote huu."

Baba hakukasirika. Alifikiri kwa muda, kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini.

"Haya," alisema. "Basi ni nani? Wewe unayejua, nionyeshe uso wake, tumjue."

Nikainama kumwonyesha. Mtu wa kwanza alikuwepo, gunia begani. Wa pili alikuwepo nusu. Palipokuwa na wa tatu palikuwa na doa jeupe la upana wa kidole, laini, hata ukungu wa picha haukubaki, ni karatasi tu. Magunia ya nyuma yake yalielea hewani.

Baba naye aliinama. Aliangalia pale, kisha akakigeuza kidole chake cha shahada na kukitazama upande wa ndani. Ningeweza kusema kitu, na nilikuwa na maneno mengi kichwani, ila hakuna lililokuwa limekaa sawa.

Akatoka kwenda kufunga ndama. Tangu siku ile sijamsikia akiitaja Musoma, na watu wakimwuliza habari za meli huwaambia amesahau, mambo ya zamani.

Kadi iko kwenye bati la biskuti pamoja na nyuzi na vifungo. Albamu ina pengo. Naifungua mara chache, na nikiifungua huanza na kadi ya kwanza, naangalia pembe kwa ukucha, moja, mbili, mpaka sita, kisha naifunga.